Vivimbe viwili, mistari miwili, na kicheko ambacho sijakisahau

Wiki hii msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, dai langu la kwanza kwa bima, la upasuaji mdogo wa macho, limerudishwa. Nimejifungia chooni kazini nikalia. Hivi kazi hii ni yangu kweli?"

Mdogo wangu, nawa uso, nikusimulie yangu.

Nilipofaulu mtihani wa CPC, ule wa waandika misimbo ya matibabu, maswali 100 kwa muda wa saa nne, nilijiona nimefika. (Ndugu zangu waliposikia nafanya kazi ya "kodi" walidhani nakusanya ushuru, ndiyo maana nasema misimbo: zile namba zinazoiambia bima mgonjwa anaumwa nini na alifanyiwa nini.) Kliniki ya macho iliyonipokea hapa Marekani ikanikabidhi upasuaji mdogo kwa kuwa, eti, ni rahisi.

Akaja mgonjwa mwenye kalazioni mbili, yaani vivimbe vya tezi za mafuta za kope zilizoziba, moja kope ya juu ya kulia, nyingine kope ya chini ya kushoto. Daktari akazitoa zote siku hiyo hiyo. Mimi nikahesabu kama muuza nyanya: vivimbe viwili, mistari miwili ya dai. 67800, msimbo wa kutoa kalazioni, yenye E3, alama ya kope ya juu kulia, halafu 67800 yenye E2, ya chini kushoto. Nikaongeza malipo ya kumwona daktari, nikayapachika alama ya 25, inayosema kumwona mgonjwa kulikuwa kazi tofauti na upasuaji, maana si alimwona kabla ya kumkata? Kwenye ugonjwa nikachagua msimbo wa H00.01, familia ya chokea, kwani kwetu kila kinachovimba kwenye kope ni chokea.

Dai likarudi. Msimamizi akalisoma mbele ya wote, mstari kwa mstari, na mwenzangu mmoja akacheka mpaka akapaliwa. Leo kazi za huyo mwenzangu nazikagua mimi. Nasema tu.

Nilichokosa kilikuwa baada ya nukta mkato, kwenye maelezo ya msimbo. 67800 ni kalazioni moja. 67801 ni zaidi ya moja kwenye kope ile ile. 67805 ni zaidi ya moja kwenye kope tofauti, na huandikwa mara moja tu. 67808 ni pale mgonjwa alipolazwa au kupewa dawa ya usingizi. Maneno ya mwanzo yanafanana yote, ukisoma nusu umekwisha. Na kalazioni ina misimbo yake: H00.11 juu kulia, H00.15 chini kushoto.

Ile 25 ndiyo iliyoniuma zaidi. Kwa upasuaji mdogo, ule ambao Medicare, bima ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, huupa siku 0 au 10 za uangalizi baada yake, uamuzi wa kupasua umo ndani ya malipo ya upasuaji wenyewe. Kumwangalia mgonjwa uvimbe uleule unaoutoa si kazi ya pili. Lakini kama siku hiyo daktari alipima pia presha ya macho na kubadilisha dawa ya matone, na akaandika hivyo, hapo 25 inasimama.

Sasa usikariri kwamba vingi huwa kimoja. Vizibo vya matundu ya machozi, 68761, huhesabiwa kila tundu: ukiziba la chini kulia na la chini kushoto unaandika E4 na E2, kila moja na mstari wake. Ndiyo maana nasema soma msimbo mpaka mwisho.

Na maandishi ya daktari nayo, mpaka mwisho. Kutoa chembe ya chuma kwenye konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, ni 65220, au 65222 ikiwa ilitolewa kwa darubini ya mwanga mwembamba. Unajua fika kwamba daktari wako huitumia darubini hiyo kila siku; kama hakuiandika, mrudie umuulize. Usimwandikie wewe. Vijana wa siku hizi mnataka programu iwachagulie msimbo, ninyi mbonyeze tu. Programu haitaitwa kwenye kikao.

Kuhusu dai lako: kama kosa ni lako, rekebisha utume upya. Kama ulikuwa sahihi, kata rufaa. Medicare hukupa siku 120 tangu upokee uamuzi, bima nyingine zina tarehe zao. Ila hukuniambia limerudishwa kwa nini. Karatasi ya bima ina msimbo wa sababu. Usome huo kwanza, ndipo uniandikie tena.