Kisima chenye aseniki: klorini kwanza, ndipo dawa ya chuma

Mkuu, umeuliza kama maji ya kisima chenu huko Geita, yaliyokutwa na sumu ya aseniki miligramu 0.05 kwa lita, yatafaa mkiyachemsha au kuyatia shabu. Kuchemsha achana nako kabisa. Aseniki haifi kama vijidudu. Maji yanapungua kwa mvuke, sumu inabaki, kwa hiyo unazidi kuikoleza.

Shabu ndiko nilikojikwaa mimi. Nilikuwa fundi wa kisima kirefu upande wa Misungwi, maji meupe kama ya mvua, kina mama wanayapenda kuliko ya ziwani. Vipimo vikarudi 0.06, wakati mwisho unaoruhusiwa ni 0.01. Tukatia shabu mwezi mzima, mashapo yakashuka vizuri, tukafurahi. Kupima tena: 0.05. Watoto walikuwa wakinywa yaleyale. Hadi leo linaniuma.

Tatizo ni kwamba maji ya chini sana hayana hewa, na humo aseniki nyingi huwa katika umbo liitwalo aseniti, ambalo halina chaji ya umeme, basi dawa haliishiki. Lazima kwanza uiongezee oksijeni igeuke aseneti, umbo lenye chaji hasi. Klorini ileile ya kutibu maji inafanya kazi hiyo. Baada ya klorini tukaweka kloridi ya chuma badala ya shabu, kwa kuwa shabu inataka pH (kipimo cha uchachu wa maji) iwe kati ya 6 na 7 hivi, chuma hakichagui sana. Koroga kwa nguvu dakika moja, kisha polepole robo saa, utaona mabonge ya rangi ya kutu. Yakituama, maji yapitishwe kwenye mchanga. Hapo msifanye mkato, maana chembe zinazoelea ndizo zilizobeba sumu. Safari hiyo maabara ilitupa chini ya 0.01.

Kiasi cha dawa usiige changu. Maji yenye fosfeti au silika nyingi hula dawa. Jaribuni kwenye ndoo tano, kila moja na kipimo chake, mpeleke zote maabara.

Lile tope msilimwage shambani wala ziwani. Sisi tulilikaushia kwenye shimo lililosakafiwa kwa saruji, mbali na kisima.

Kwa sasa hicho kisima kiwe cha kufulia tu. Ya kunywa na kupikia kingeni ya mabati, vuli imeshaanza. Majibu ya maabara yakitoka yaweke hapa pamoja na pH, tuyaangalie.