Chupa ya kupeleka kwenye nyama choma
Dada, kama unatafuta chupa ya mvinyo ya kupeleka kwenye nyama choma na hujazoea mvinyo, chukua Pinotage ya Afrika Kusini. Ni nyekundu, ina harufu ya moshi kwa mbali, na kwa mbuzi inakubali sana. Ila kabla hujalipa, ikague chupa yenyewe. Kizibo kikiwa kimejisukuma juu, au shingoni kuna michirizi ya mvinyo uliovuja, irudishe, hiyo imeshapigwa na joto. Zile zinazopigwa jua dirishani usiziguse kabisa, hata zikishushwa bei. Mtajie muuzaji bajeti yako bila aibu. Na mvinyo wa Dodoma usiupite jamani! Usipopenda utamu wa sukari, tafuta lebo iliyoandikwa “dry”.