Mnaouliza mhamie wapi Dodoma, njooni na ndoo kwanza

Msimu umefika. Bunge la bajeti limekaa, gesti zimejaa, bei ya chumba imepanda na simu yangu imejaa maswali ya watu wanaohamia. Nimechagua machache. Waliouliza "Dodoma kukoje" bila kusema lolote lingine nimewaacha, yani mtu unaulizaje hivyo kama unaulizia ladha ya soda.

Anko shikamoo. Nimehamishiwa Dodoma, ofisi yetu iko Mtumba. Mtaa gani mzuri wa kupanga? Nina mke na watoto wawili. (Mtumishi, Mbagala)

Marahaba. Hili nalijibu kwa mara ya mia na bado mnaliuliza vile vile, "mtaa mzuri". Mzuri kwa nani? Mji wa Serikali, yani hapo Mtumba, uko kama kilomita 17 kutoka mjini kwenye barabara ya Dar, kwa hiyo angalia upande wa mashariki: Ihumwa, Nzuguni, Kisasa, Ilazo, Iyumbu. Ukidanganywa na kodi ya Nkuhungu au Kizota ujue kila asubuhi unavuka mji mzima, daladala mpaka mjini alafu nyingine ya Mtumba, na jioni hivyo hivyo na watu wote wa wizara wametoka muda mmoja na wewe.

Hayo ya umbali hata dalali atakwambia. Ambayo hatakwambia ni maji. Nyie mnaotoka Dar mnakuja na akili za Dar, mnauliza foleni, mnauliza baa, mnauliza kama kuna lami, maji mnayaona ni kitu kipo tu. Huu mji miaka yote umebebwa na visima vya Mzakwe kule Makutopora, na watu wameongezeka kutoka laki nne na kidogo kwenye sensa ya 2012 mpaka 765,179 mwaka 2022. Visima vipya vinachimbwa ndiyo, ila hesabu mwenyewe kama maji yameongezeka kwa mwendo huo. Kuna mitaa mabomba yanatoka vizuri na mtaa wa pili yake watu wanaamka saa tisa usiku kukinga. Na usipangie nyumba maji ya bwawa la Farkwa, lile lililoahidiwa kuleta maji mjini, nimelisikia toka nina nywele kichwani.

Mimi nilipohamia nilipata nyumba safi sana, tiles mpaka barazani, jipsamu, geti jeusi, na mwenye nyumba alivyo mjanja akafungua bomba la jikoni mbele yangu maji yakaruka mpaka yakanilowesha shati. Nikalipa miezi sita palepale. Siku ya nne bomba likakohoa likanyamaza. Kupanda juu nakuta simtanki ya lita 500 tupu kabisa, kumbe alijaza kwa boza asubuhi ile ile ya mimi kuja kuangalia. Wiki mbili nzima mke wangu anachota kwa jirani na mtoto mgongoni, na hakuninunia kidogo.

Kwa hiyo ukienda kuangalia nyumba achana na bomba la jikoni, fungua lile la nje karibu na mita, lisilopita kwenye tanki. Muulize mama muuza mbogamboga wa pale, siyo mwenye nyumba, maji yanatoka siku gani na saa ngapi. Alafu kama eneo linatumia kisima, omba chai kwa jirani. Siyo utani. Chungulia ndani ya birika lake la umeme, ukikuta limeganda ukoko mweupe kama chokaa basi maji yana chumvi, sabuni haitatoa povu na vyombo vyako vyote vitakuwa hivyo. Ukipenda nyumba pamoja na hayo sawa, ila weka simtanki ya lita 2,000 kwenye bajeti kabla ya sofa.

Chamwino ni sehemu nzuri ya kuishi? (Bila jina)

Chamwino ipi? Kuna kata ya Chamwino hapa hapa mjini jirani na Chang'ombe, na kuna Chamwino ya Ikulu ambayo ni wilaya nyingine kabisa, unatoka mjini unaipita Mtumba ndo unaitafuta. Mwaka jana kuna kijana alilipia chumba kwa simu akijua anapanga jirani na Ikulu. Rudi na swali lililokamilika.

Nimepata kiwanja Ihumwa bei rahisi sana, muuzaji ana haraka kwa sababu anauguza. Mwenyekiti wa mtaa amethibitisha na kugonga muhuri. Mimi niko Mwanza, namtuma mdogo wangu akalipe cash Jumamosi. Unanishauri nini? (Mama Junior)

Mama Junior dada yangu, umeandika mistari mitatu na kila mstari una shimo. Bei rahisi sana, muuzaji ana haraka, cash, Jumamosi ambayo ofisi ya ardhi imefungwa. Hivi wewe ungesimuliwa hii na shoga yako ungemwambiaje?

Mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kugawa ardhi wala ya kuthibitisha mmiliki ni nani. Muhuri wake unaonyesha tu kwamba mlikuwepo pale siku hiyo mkasalimiana. Kwenye kiwanja kilichopimwa anayejua mmiliki ni ofisi ya ardhi, unapeleka namba ya kiwanja na kitalu unafanya upekuzi unaambiwa kiko kwa jina la nani na kama kimewekwa dhamana benki. Hela yake ni ndogo kuliko nauli ya mdogo wako. Hapa Dodoma habari ya kiwanja kimoja watu wawili watatu siyo hadithi, mawaziri wa ardhi wamepita mmoja baada ya mwingine wakikaa kusikiliza malalamiko hayo hayo.

Ukitoka hapo nenda site na mpimaji wako wewe, siyo wa muuzaji, atafute bikoni, yale mawe ya mipaka. Kiwanja unachoonyeshwa kwa kidole na kiwanja kilicho kwenye hati mara nyingine ni majirani. Alafu muuzaji ana mke au mume? Kama pana nyumba ya familia na mwenza hajaridhia, utakuja kuitwa mahakamani na mtu hujawahi kumuona. Risiti za kodi ya pango la ardhi nazo uzione, deni lake usije ukalirithi.

Na akikutolea hati ya zamani ya CDA, ile mamlaka iliyokuwa inagawa viwanja hapa mjini, usiogope wala usishangilie. CDA ilivunjwa Mei 2017 kazi zake zikaenda halmashauri, ambayo sasa ndo Jiji. Hati za enzi zile zilikuwa za miaka 33, kwa hiyo soma tarehe ujue imebaki mingapi, maana kuna mtu anauziwa miaka saba kwa bei ya hati ya miaka 99.

Kama anauguza kweli, mpe pole. Hela asubiri Jumatatu, na ipite benki.

Mtaa gani una hadhi? Sitaki uswahilini. (Boss Lady)

Uzunguni. Leta hela.

Nasikia Dodoma ni kama jangwa, kwa hiyo mafuriko hakuna kabisa? (Fundi, Morogoro)

Nani kakwambia. Mvua yetu ni kidogo kweli, kama milimita 570 kwa mwaka, lakini inakuja Desemba mpaka Aprili na ikishuka inashuka kwa hasira juu ya ardhi ngumu, haizami, inakimbia. Miezi saba nane korongo ni kavu, watoto wanacheza mpira mle ndani, ng'ombe wanapita, na dalali anakuuzia pembeni yake anakiita "kiwanja cha chini chini kina upepo". Njoo Januari uangalie. Ukikosa nafasi ya kuja Januari tazama kuta za nyumba za jirani, zina mstari wa tope na haudanganyi. Na ukiona udongo mweusi umepasuka mipasuko ya kuingiza kidole, huo ni udongo wa mbuga, msingi wake utakula hela ya nyumba nzima.

Anko, Msalato vipi? Uwanja wa ndege unajengwa na ring road inapita, nanunua eka mbili nitajirike. (Kijana mpambanaji)

Kila kiwanja Dodoma kinapakana na ring road ukimsikiliza dalali. Barabara ya mzunguko wa nje ina kilomita 112.3, Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa, Matumbulu mpaka Nala tena, kwa hiyo ndiyo, inapita karibu na wengi, na wengi wao walishaongeza bei kabla hujazaliwa kwenye hii biashara. Barabara kuu hifadhi yake ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Nimeona mtu kanunua "fronti" kumbe fronti yake yote ni ya serikali. Kingine, uliniandikia unataka kuishi au unataka kutajirika? Kama ni kuishi, kuna siku utalala chini ya njia ya ndege na utakumbuka kwamba hukuuliza maji.

Mwenye nyumba wangu Swaswa anasema kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU ni yangu kwa sababu mimi ndo natumia umeme. Ni kweli? (Mpangaji)

Uongo. Ni ya mwenye jengo, kwa nyumba ya kawaida sasa 1,500 kwa mwezi, inapita kwenye LUKU kwa urahisi wa kukusanya tu. Tunza meseji, mkate kwenye kodi. Ila kama kodi yenu ni ya kiungwana na maji yanatoka, mimi ningemnyamazia.

Familia ibaki Dar nije peke yangu au nije nayo? Siku hizi si kuna treni. (Baba wa watatu)

Treni ya SGR ipo tangu Julai 2024 na ile ya haraka haifiki masaa manne, sawa. Nawajua waliosema "nitakuwa naenda kila wikiendi". Mwezi wa kwanza kila wikiendi, wa pili mara mbili, wa tatu wakaanza kusema kuna vikao. Njoo nao.

Naanza kujenga Nzuguni. Nyumba ielekee wapi? Fundi anasema popote. (Mwalimu)

Fundi wako halali humo. Upepo wetu unatoka mashariki, na kuanzia Juni mpaka Oktoba unakuja na vumbi lote la njiani. Kama barabara ya vumbi iko mashariki ya kiwanja chako basi madirisha makubwa ya vyumba usiyaweke upande huo, weka jiko, stoo, choo, na panda miti mapema hata kabla ya msingi, mwarobaini unavumilia ukame. Chumba changu cha zamani kilitazama barabara hivyo hivyo. Nililala humo miaka miwili nanunua dawa za mafua kila wiki, mpaka siku fundi wa aluminiamu alipokuja kubadilisha kioo akapitisha kidole juu ya fremu akanionyesha.