Kabla hujashuka Pugu na baiskeli

Kila mvua za masika zinapokatika, wanatokea wapya. Mtu amenunua baiskeli ya gia, ameizoea lami kwa wiki mbili tatu, na Jumamosi moja anafika Pugu Kajiungeni akitaka kuingia msituni. Swali lake la kwanza karibu kila mara ni hili: kupanda kukoje?

Ndugu yangu, kupanda kusikusumbue. Vilima vya Pugu havifiki hata mita 500 kutoka usawa wa bahari, na ukichoka unashuka, unakokota, unapumua, unapanda tena. Sijaona mtu akiumia kwa kukokota baiskeli. Wote niliowaona wakiumia, nami nikiwa mmoja wao, tuliumia tukiteremka, na mara nyingi chanzo ni udongo ambao mtu hakuuangalia. Kwa hiyo naanza na udongo.

Hifadhi ya Pugu-Kazimzumbwi iko Kisarawe, kama kilomita 30 kutoka katikati ya Dar es Salaam, chini ya usimamizi wa TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Vilima vyake vimekaa juu ya kaolini, ule udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri. Ilichimbwa huko zamani, na mapango yaliyobaki yamejaa popo. Kwa mwendesha baiskeli kaolini ina sura mbili. Ikikauka ni ngumu kama sakafu, na juu yake kuna unga mwembamba unaoteleza ukikata kona kwa pupa. Ikilowa ni sabuni. Tairi lenye meno makubwa halisaidii kitu, kwa sababu meno yanajaa tope jeupe na tairi linakuwa laini kama la baiskeli ya mjini. Sehemu nyingine utakutana na mchanga mwekundu, na ndani zaidi majani makavu yaliyofunika mizizi.

Mwaka wangu wa pili, mwezi wa Novemba, mvua za vuli zilikuwa zimenyesha usiku. Asubuhi jua likawaka, njia ikawa kavu kabisa pale palipo wazi, nikajiambia msitu mzima umekauka. Nikateremka kwa raha. Mbele njia ikaingia chini ya miti, kwenye kivuli, na rangi yake ikabadilika kutoka kahawia kuwa nyeupe. Niliiona ile rangi, lakini sikujua inaniambia nini. Nikafunga breki ya mbele nikiwa tayari juu ya weupe. Gurudumu likatoka chini yangu na mtulinga ukavunjika. Kijana aliyekuwa akipita na mama yake alinifunga mkono kwa kanga ya mama, akanisukumia baiskeli mpaka barabarani. Sikupanda baiskeli tena hadi mwezi wa pili.

Tangu siku ile nina kanuni ambayo siivunji: breki zinafanya kazi kwenye kahawia, kwenye nyeupe vidole vinaachia. Punguza mwendo kabla hujafika, kisha pita pale polepole, baiskeli imenyooka, bila kukata kona wala kubana chochote. Mvua ikinyesha usiku, msituni usiingie kesho yake, hata kama Dar kumekauka. Utaanguka, halafu matairi yako yatachimba mfereji ambao mvua inayofuata itaugeuza korongo. Njia nzuri mbili nilizozipenda zimeharibika hivyo.

Kwenye mchanga mambo ni kinyume. Huko usiache kukanyaga. Weka gia nyepesi mapema, rudisha uzito nyuma, shika usukani kwa ulegevu na uiache baiskeli icheze kidogo chini yako. Anayekaza mikono mchangani huanguka ndani ya mita tano. Mizizi nayo ivuke ikiwa imekukingamia. Ukiipita kwa mshazari, gurudumu litaufuata mzizi badala ya kukufuata wewe.

Kuna kosa ambalo naliona kila wiki: upepo. Fundi wa kando ya barabara anajaza tairi mpaka ligonge kama jiwe, na kwa lami ana haki. Msituni tairi la namna hiyo linarukaruka na halishiki. Mtu wa kilo 70 mwenye tyubu za kawaida na matairi manene, PSI 30 hivi (PSI ni kipimo cha upepo kinachosomeka kwenye geji ya pampu) zinamtosha. Mzito zaidi aongeze kidogo. Nunua pampu ndogo yenye geji, na ujaze ukishafika. Upepo usiushushe sana lakini, maana tyubu itabanwa kati ya rimu na jiwe na kutoboka matundu mawili kwa mpigo.

Breki ziangalie ukiwa nyumbani. Wengi wetu tunatumia baiskeli za mtumba, na hapo kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Zilizotoka Uingereza na Japani, breki ya mbele kwa kawaida iko mkono wa kulia. Zilizotoka Ujerumani na sehemu kubwa ya Ulaya bara iko kushoto. Ukibadilisha baiskeli bila kujua, siku ya hatari mkono utavuta usiyoikusudia. Minya moja moja ukiwa umesimama, ujue ipi ni ipi. Ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, basi itumie kwa kidole kimoja au viwili, taratibu, pamoja na ya nyuma. Simama juu ya pedali zikiwa sawa na ardhi, magoti na viwiko vimelegea, makalio nyuma ya siti kadiri mteremko unavyozidi, na macho yatazame kule unakokwenda, yasigande kwenye jiwe unaloliogopa.

Ukitaka kuona mtu anayejua kuteremka, amka mapema ukae kando ya barabara ya Kisarawe. Utawaona wabeba mkaa wakishuka kuelekea mjini, magunia mawili matatu nyuma ya baiskeli ya chuma isiyo na gia, wengine wakipunguza mwendo kwa soli ya kandambili kwenye tairi la nyuma. Hawakimbii. Wanaanza kupunguza mwendo mbali kabisa kabla ya kona, na hawabadili mawazo katikati. Mimi nimejifunza kwao zaidi ya nilivyojifunza kwenye video. Inaniuma kwamba mkaa ni moja ya vitu vinavyoumaliza msitu huu, na inaniuma pia kuona watu wanaufuata kwa sababu hawana kazi nyingine. Wasalimie. Usiwapite kwa kasi ukiwamwagia vumbi.

Salamu ni sehemu ya safari. Njia za humu ni za wanakijiji kabla ya kuwa zetu. Ukikutana na mama ana kuni kichwani, shuka baiskeli, simama upande wa bondeni, mwache apite. Mzee mpe shikamoo yake. Kengele ipigwe mbali, mara moja. Kiingilio lipa kwa namba ya malipo wanayokupa ofisini kwa TFS, na mara tatu za kwanza nenda na mwongozaji wao, kwa sababu njia zinafanana na simu mabondeni inapoteza mtandao.

Joto la pwani usilichukulie kirahisi. Ondoka mjini saa 11 alfajiri, uwe msituni kabla ya saa 1, na saa 4 uwe umeanza kutoka. Beba maji lita 3 na pakiti ya ORS, ile chumvi ya kuchanganya na maji ya kunywa, maana jasho la huku linaondoka na chumvi. Vaa mikono mirefu na soksi ndefu, hata kama unaona joto, kwa ajili ya upupu. Kuanzia Juni vitumba vyake vinakauka pembeni mwa njia, na ukivigusa kwa bega mwili mzima unawaka. Usijikune, unausambaza. Siafu wakikata njia, beba baiskeli uruke. Mbigili ziko zaidi pembezoni, kwenye mashamba ya mihogo na mikorosho, kwa hiyo tyubu moja ya akiba haitoshi. Mimi hubeba mbili, viraka na gundi, na kipande cha tairi kuukuu cha kuzibia ndani likichanika.

Ukipumzika kwenye kivuli, kaa kimya dakika kumi. Kima watakusogelea, na ukiwa na bahati utamwona sengi, mnyama mdogo kama panya, akikimbia kwenye majani na pua yake ndefu. Usiku humu anatoka komba mdogo wa Rondo, mnyama anayepatikana kwenye misitu michache tu ya Tanzania na kwingine hakuna. Kwa ajili yake nawaomba msikate njia mpya ya mkato, hata ya mita 20. Msitu wenyewe umebaki vipande.

Wakati wa kurudi, muage mlinzi getini na mhesabiane kama mmetoka wote. Kisarawe kunywa uji au chai, kula muhogo, kagua breki tena maana lami ya kushukia mjini ni ndefu. Jaza upepo upya, hadi PSI 45 hivi. Utapita Pugu Sekondari, alikofundisha Mwalimu Nyerere mpaka alipoacha kazi mwaka 1955. Kutoka pale malori yanaanza kuongezeka, basi nendeni kwa mstari mmoja, anayejua zaidi awe nyuma, na mgeni katikati.