Nasoma Sana, Lakini Insha Zinanishinda

SWALI: Mwalimu, hujambo? Niko mwaka wa pili, nasomea sosholojia katika chuo kimoja hapa jijini Nairobi. Bidii ninayo. Nasoma makala mara mbili, mara tatu, napigia mistari kila kilicho cha maana, lakini nikikaa kuandika insha akili inakuwa tupu na naishia kunakili. Ya juzi imerudi mhadhiri ameandika pembeni, "Na wewe unasemaje?" Naishi Umoja, na muda mwingi unaishia kwenye matatu, Jogoo Road. Nifanyeje?
Msomaji, Umoja

JIBU: Sijambo, mwanangu. Nimefundisha wengi wenye bidii kama yako, na huniuma kuona jasho lao halionekani kwenye karatasi. Kinachokukwamisha ni kule kurudia kusoma. Maneno ukiyaona mara ya tatu huwa umeyazoea, nawe unadhani umeyaelewa. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio lao: wanafunzi waliosoma kifungu tena walikumbuka zaidi baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja walioongoza ni wale waliofunika kifungu wakaandika walichokumbuka.

Basi fanya hivyo. Anza na ikisiri, yaani ule muhtasari wa mwanzo wa makala, na hitimisho, ujue mwandishi anadai nini. Kisha soma sehemu moja, funga, uandike sentensi tatu nne kwa maneno yako: anasema nini, ana ushahidi gani, na wewe unakubali? Usiruke hilo la mwisho, maana ndilo mhadhiri wako analolitafuta. Ukikwama, usichungulie haraka. Hangaika kidogo kwanza, halafu fungua urekebishe. Andika jina la mwandishi, mwaka na ukurasa papo hapo. Kuvitafuta usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi ni mateso ya bure. Kama sentensi ni ya mwandishi neno kwa neno, itie alama za kunukuu tangu kwenye daftari, la sivyo baada ya mwezi utaidhani yako.

Shule nyingi zilitufunza kukariri majibu ya mtihani, kwa hiyo mwanzoni utaona unakwenda polepole mno. Vumilia. Makala moja iliyosomwa hivi ina faida kuliko tano zilizojaa mistari.

Ndani ya matatu usijilazimishe kusoma simu huku gari linarukaruka. Jaribu kukumbuka hoja za jana, bila daftari. Na kama nyumbani hakuna utulivu, maktaba ya McMillan iko pale Banda Street tangu 1931, na matawi yake ya Makadara na Kaloleni yako upande wenu wa Eastlands.

Ukianza insha, acha utangulizi kwanza. Panga zile sentensi zako mezani, chagua moja unayoweza kuitetea kwa ushahidi, uanzie hapo. Utangulizi utauandika mwisho, ukishajua insha imekufikisha wapi.