Re: Historia yao bila insha

Mwalimu, umeuliza watoto wa darasa la tatu waandikeje historia yao na insha hawazitaki. Waache wachore. Walakota, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, walihesabu mwaka toka theluji ya kwanza hadi theluji ya kwanza nyingine, na kila mwaka picha moja tu, juu ya ngozi ya nyati wa huko. Wazee ndio waliokubaliana tukio lipi lichorwe. Novemba 1833 vimondo vilimiminika kama mvua. Kalenda zao nyingi za picha hizo zina nyota zikianguka kwa mwaka huo. Ile ya Lone Dog, mtu wa Wayanktonai, jamaa za Walakota, ya miaka ya 1800 hadi 1871, inaanzia katikati ikizunguka kama gamba la konokono. Mimi hutumia mifuko ya kaki, wanaifinyangafinyanga ifanane na ngozi. Mtoto mmoja, kwa mwaka wake mzima, kachora jino tu! Usimsahihishe, muulize liling'okaje.