Ukitengeneza gemu ya watoto, jifunze kunyamaza

Ujumbe uliingia Jumanne usiku, nikiwa nimeshaweka simu chaji na kujifunika shuka. Kijana yuko Morogoro, mwaka wa pili chuo. "Dada shikamoo. Nimecheza Mlango wa Saba na mdogo wangu, hongera sana. Na mimi nina wazo la gemu ya watoto, kubwa tu, ina falme nane na kila ufalme una bosi wake. Nianzie wapi?"

Nikamjibu, "Marahaba. Anza na chumba kimoja." Nikazima taa, lakini usingizi haukuja. Niliona nimemdhulumu. Miaka minne niliyohangaika na kasri moja haiwezi kwisha kwa maneno manne. Basi jibu refu ndilo hili, kwake na kwenu nyote mnaoniandikia mkitaka kutengeneza magemu ya watoto kwa Kiswahili.

Kwa ambao hamjaicheza: Mlango wa Saba ni gemu ya mafumbo ya watoto wa miaka mitano hadi tisa. Binti mdogo ameachiwa kasri na bibi yake, pamoja na funguo saba. Kila mlango una vyumba vitano, na kila chumba kina taa za kuwasha, masanduku ya kusukuma na zimwi mmoja au wawili wa kuwakwepa. Ukiwasha taa zote, unapita. Vyumba vyote ni 35. Hakuna saa inayokukimbiza, hakuna maandishi vyumbani, na ukikamatwa unaanza upya chumba hicho hicho. Ipo Play Store tangu mwezi uliopita, na furaha niliyo nayo sitaificha.

Kasri lenyewe nililipata kwa bibi mzaa mama, Pangani. Alikuwa na hadithi ya kijana aliyekabidhiwa funguo saba na mwenye kasri, akaambiwa milango sita fungua utakavyo, wa saba usiuguse. Bibi hakuwa na haraka. Mlango wa kwanza umejaa tende hadi darini, wa pili hariri, wa tatu farasi waliofungwa mikia kwa nyuzi za dhahabu, na kila mlango aliugonga kwa vidole kwenye ubao wa kitanda, ko, ko, ko. Akifika wa saba anasimama. "Wewe ungefungua?" Halafu anakaa kimya, kimya hasa, mpaka mmoja wetu aseme. Usiku mwingine hatukufika ndani ya chumba hicho kabisa; tulilala tukibishana.

Kasri la pili lilikuwa kwa jirani Tanga mjini, aliyekuwa na mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye televisheni, zile za kaseti za njano. Tulilipia kwa dakika. Wenzangu walikuwa wa magari na bunduki. Mimi nilishikwa na gemu yenye kiumbe cha bluu, cha mviringo kama andazi, kinachotembea kwenye vyumba vya mawe kikikusanya mioyo. Jina nimelijua ukubwani: Adventures of Lolo, ya kampuni ya HAL Laboratory ya Japani, iliyotoka mwaka 1989 kwa mashine ya Nintendo. Binti mfalme Lala ametekwa, na Lolo anapanda kasri la mfalme mwovu kwenda kumkomboa, ghorofa 10 zenye vyumba vitano vitano. Ukimaliza mioyo, sanduku la hazina linafunguka. Ukichukua kito kilichomo, mlango unafunguka.

Mwenye ndoto ya kutengeneza gemu ya mafumbo aitafute hiyo aicheze na daftari mkononi. Mtazame Medusa wake. Hatembei, hakufukuzi, amekaa tu. Ila ukipita kwenye mstari wa macho yake bila kitu katikati, umekwisha. Kwa hiyo unasukuma kizuizi cha kijani mpaka kimzibe. Mtoto asiyejua kusoma hata "a" anaelewa: huyu asikuone, jifiche. Halafu kuna Gol. Huyu amelala muda wote, unampita mara tatu, mara nne, unamzoea. Ukichukua moyo wa mwisho tu, anaamka anatema moto. Njia uliyoingilia kwa amani hairudiki tena kwa amani. Nilipomwelewa Gol nilikuwa na miaka kumi, na nilipiga kelele hadi mama mwenye nyumba akaja kuangalia. Hakuna aliyenieleza kitu. Ingekuwa nimeelezwa, nisingepiga kelele.

Sasa sikilizeni nilivyoyasahau hayo yote.

Nilianza mwaka 2021 na Godot, programu ya bure ya kutengenezea magemu. Miezi ya kujifunza kuandika msimbo, yaani code, nairuka. Kila mmoja anaipita kwa jasho lake. Toleo langu la kwanza lilikuwa na vyumba sitini, kasri lenye theluji kwenye minara, na bundi mwenye miwani aliyekaa pembeni akieleza. Anaeleza taa, anaeleza sanduku, anaeleza zimwi, na ukikosea anaeleza tena. Mama aliiona gemu mara moja tu akaniuliza, "Bundi ndani ya nyumba, na watoto wamo?" Nilikuwa nimemchukua bundi mwenye hekima kutoka hadithi za Ulaya nikamtua kwenye paa la watu ambao bundi akilia usiku wanamfukuza kwa mawe. Nilimtoa siku hiyo hiyo. Lakini maneno yake niliyaacha, nikampa mzee mmoja mwenye kanzu ayaseme.

Ndipo ikaja taasisi moja inayogharimia vifaa vya elimu. Walisema gemu ni nzuri ila haina mafunzo. Wakataka kila mlango uwe na swali la hesabu. Niliwafanyia kazi miezi mitano bila senti, kwa ahadi ya mkataba. Nikaweka kujumlisha, nikaweka kutoa, nikaweka jedwali la kuzidisha hadi kumi na mbili. Siku ya kuwasilisha, ofisa mmoja aliishika simu dakika mbili, akairudisha mezani akasema watoto hawatavutiwa na kitu kama hiki. Hakukuwa na mkataba. Nilipanda daladala kutoka Posta nikalia hadi Tabata, abiria wakiniangalia. Sijalisamehe vizuri jambo hilo, nasema kweli. Kilichoniuma zaidi ni kwamba aliyoyasema kuhusu watoto yalikuwa sahihi, na mimi nilikuwa nimeyajua tangu Pangani, kwenye ubao wa kitanda.

Desemba 2023 mtoto wa kaka yangu alikuja likizo. Ana miaka sita. Nikampa simu yenye toleo lile lile la hesabu. Alicheza vizuri hadi mlango wa kwanza, likatokea swali, akalitazama, akatoka. Akanirudishia simu kwa adabu zote. "Shangazi, hapa kuna shule."

Usiku ule niliyafuta maswali yote. Nikamfuta na mzee wa kanzu. Asubuhi nikampa tena, nikakaa nyuma yake mkekani, na safari hii nikajiwekea amri: sisemi kitu.

Hamjui ugumu wake mpaka mjaribu. Alifika kwenye zimwi wa kwanza, asiyetembea kama Medusa wa Lolo, ila yeye anaangalia kushoto tu. Sanduku la kumzibia liko hatua mbili. Mtoto halioni. Nimejiziba mdomo kwa kiganja. Anajaribu kupita, anakamatwa. Anajaribu kukimbia, anakamatwa. Anageuza simu juu chini, kana kwamba zimwi ataangalia kwingine. Halafu akafanya jambo ambalo sijawahi kuliona kwenye gemu yoyote: akaweka kidole gumba cha kushoto juu ya macho ya zimwi, akakibana pale hadi ukucha ukawa mweupe, na kwa mkono wa kulia akamtembeza binti taratibu.

Binti akakamatwa. Gemu haikujua kama imezibwa macho.

Akanigeukia na uso wa mtu aliyedhulumiwa. "Lakini nimemziba!"

Alikuwa na haki. Nilikaa hadi saa nane usiku nikiandika msimbo wa kidole kile. Simu karibu zote siku hizi zinapokea vidole viwili kwa pamoja, kwa hiyo haikuwa kazi ngumu: kidole kikigusa macho, kope zinafunga, ukikitoa, zinafunguka. Asubuhi alipoona kope zinafunga, hakushangaa hata kidogo. Alipita tu, kama mtu aliyerekebishiwa makosa ya duka. Mlango wa nne mzima umejengwa juu ya kidole hicho, na wa tano una mazimwi wawili waliokaa mbalimbali wakati kidole gumba ulicho nacho ni kimoja, maana cha pili kinatembeza binti. Watu wazima wengi wanaoniandikia wamekwama hapo. Watoto wanamwita mwenzao aje na kidole chake.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huo: mkalishe mtoto, mpe simu, nyamaza. Wa pili unatokana na huo huo. Usianze na kompyuta. Chukua daftari la hesabu la miraba, chora chumba, weka visoda viwe masanduku na harage liwe mchezaji. Zimwi awe kizibo cha chupa ya maji. Mtoto acheze pale mezani kwa mkono wake, wewe umenyamaza. Chumba kisichochezeka kwa visoda hakitaokolewa na picha nzuri. Vyumba vyangu 35 vimetoka kwenye madaftari matatu ambayo bado ninayo, na kwa kila kimoja kilichobaki, viwili vilifutwa.

Chumba kimoja kibebe jambo moja jipya. Kama ni sanduku, ni sanduku tu. Zimwi aje chumba kinachofuata. Mkiona mnahitaji maandishi ili chumba kieleweke, mmeweka mawili. Rudini kwenye visoda, mtafuteni mtoto, nyamazeni tena.

Kuhusu Play Store, mambo si mengi. Usajili wa mtengenezaji ni dola 25, unalipa mara moja. Ila akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya katikati ya Novemba 2023 zina sharti: kabla ya kutoa gemu kwa umma lazima ijaribiwe na watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo. Mwanzoni walitaka 20. Mimi niliwapata kwenye kundi la kikoba cha mama. Kinamama kumi na wanne, kila mmoja na simu yake na anwani yake ya Gmail, na kila jioni nawapigia kuomba wasiifute. Mmoja alifika mlango wa sita kabla ya mjukuu wake. Wakusanyeni watu wenu mapema, msisubiri gemu iishe. Na kwa kuwa gemu ni ya watoto, kuna kanuni za ziada kuhusu matangazo na taarifa za mtoto. Mimi sikuweka matangazo kabisa, na ningewasihi nanyi msiweke. Ndiyo, hiyo ina maana kwamba bado naishi kwa kutengeneza tovuti za wateja. Nimekubali.

Ndugu zangu, tuambizane ukweli. Tumezoea kumpa mtoto simu ili atulie sisi tupumzike, kisha tunaona kila gemu isiyo na herufi na hesabu ni upotevu wa muda. Mtoto aliyebana kidole juu ya macho ya zimwi alikuwa anafikiri kwa nguvu kuliko nilivyomwona akifikiri juu ya daftari lolote. Msimdharau. Msimharakishe. Wazazi, mkikaa karibu naye msimwonyeshe njia. Mkimwonyesha mmemnyang'anya chumba kile na hakirudi. Watengenezaji, msiwaandikie wafadhili, msiwaandikie walimu, msiandike ili mwenzenu mwenye laptopu nzuri awasifu. Aliyeshika simu ana miaka sita, na hana subira na uongo wenu.

Na wewe kijana wa Morogoro: falme nane ziweke kwenye droo. Mabosi wote wanane, droo hiyo hiyo. Najua inauma, nami nilikuwa na vyumba sitini. Nitengenezee chumba kimoja, taa mbili, zimwi mmoja. Mpwa wangu sasa ana miaka minane na amekuwa mjanja mno kwa kazi hii, lakini mdogo wake ana mitano na hajajua kusoma. Wako kwangu hadi shule zifunguliwe, ndipo warudi Kibaha. Tuma chumba hicho kabla ya hapo. Nitamkalisha mkekani, nitarekodi mikono yake tu, na video nitakutumia bila neno langu hata moja ndani yake.